Mwanzi wa Kupimia Bahari

Mtwara, 5 Februari 1950

Mjomba Mbonile,

Shikamoo. Mimi mpwa wako nipo, nakula, nafanya kazi. Tunapasua mawe ya gati la meli kubwa, na joto la huku halina adabu. Tangu nifike sijajifunika blanketi. Usimwambie Mama, atadhani nimelitupa.

Nina shida, Mjomba, na shida yenyewe chanzo chake ni wewe.

Jioni kambini kila mtu husifu kwao. Wangoni wanasifu vita, Wamakonde wanasifu vinyago, na vijana wa pwani wanasifu bahari kana kwamba waliichimba wao. Mimi nikasimulia habari yako: masika yale ulivyoruka kutoka kwenye mwamba wa maporomoko ya Songwe na mbuzi kwapani, ukampita mamba chini ya tumbo, ukaibukia upande wa Nyasaland, mbuzi hata sikio halikulowa. Nilipomaliza walinyamaza wote. Nikafurahi. Kumbe walikuwa wananipima.

Hapa, ukifuata ufuko kutoka kambini, kuna ghuba ndogo, na ubavuni mwake limesimama jabali kama ukuta wa kanisa, ila kanisa juu ya kanisa. Vijana wa hapa huruka kutoka juu mpaka baharini siku za sikukuu, na wasichana huja kutazama. Mkubwa wao katika mchezo huo anaitwa Mnali, kijana wa Kimwera, mdomo wake haujui kufungwa. Akasema mbele ya watu, "Basi imekuwa vizuri. Kama mjomba aliruka na mbuzi, mpwa wake aruke na roho yake tu. Jumatatu ya Pasaka."

Sisi tuliotoka milimani tuko wachache hapa, na wanatuita watu wa blanketi. Nikikataa, nimewakatalia wote. Nikasema nitaruka.

Kuogelea najua kidogo, kule kwa kupiga maji kama mbwa. Lakini kuruka sijaruka hata kutoka ghala la mahindi. Nakuomba, Mjomba, niambie ulifanyaje. Nifanye nini ili nisife?

Wako,
Asajile


Ibaba, 2 Machi 1950

Mpwa wangu Asajile,

Ikupate hewa ya kutosha huko ulipo, sisi huku tunayo nyingi mpaka inatugonganisha meno.

Nimesoma barua yako mara moja tu ikaingia yote kichwani, maana kichwa changu unakijua. Misheni walinifundisha mpaka darasa la pili, mwalimu akatazama alichobakiza akaona hakuna, akaniambia nenda nyumbani Mbonile.

Kwanza nikusahihishe. Mamba hakuwa mmoja, walikuwa wamelala kama magogo ya kujengea, na mimi nilipita juu yao kama mtu anayekwenda sokoni. Na mbuzi alikuwa na mimba. Hayo ukiwasimulia uyaweke, usiwapunjie.

Sasa sikiliza. Hao watu wa joto wanaruka kwa mazoea, hawana elimu ya maji. Elimu ya maji iko huku kwetu. Unakumbuka tunavyovuka Songwe wakati wa mvua? Mtu wa kwanza hukata mwanzi mrefu, huuzamisha mpaka uguse chini, hukata alama pale maji yalipofika, kisha huuegemeza ukingoni. Kila ajaye baadaye hutazama alama. Mvua isiponyesha tena, alama ni halali. Hata juma lipite, unavuka bila kuuliza mtu. Babu zetu wamevuka hivyo, na aliyekufa ni yule aliyeingia bila mwanzi.

Basi fanya hivyo hivyo. Huko kwenye ujenzi mianzi ipo. Unga miwili kama mmoja hautoshi. Jumapili ile inayoitangulia ile ya Matawi, toka baada ya ibada ya asubuhi, nenda kwenye hilo jabali peke yako, uzamishe mwanzi mahali utakapotua, ukate alama. Ukiona maji yamekupita urefu mara mbili, hapo pana nafasi ya mtu na mbuzi wake. Kisha ngoja juma moja, uangalie mvua. Isiponyesha, Jumapili ya Matawi nenda saa ile ile, peke yako tena, uruke kimyakimya. Ndiyo siri yenyewe hiyo. Mtu anaporuka mara ya kwanza hupiga kelele, ni tumbo linalopanda, si woga. Sasa kelele hizo wazisikie samaki, wasizisikie wasichana. Ikifika Jumatatu ya Pasaka utaruka kama mtu anayeshuka kitandani, na huyo Mnali atatafuta pa kuweka uso.

Mama yako sijamwambia. Nilipokuwa nikimsomea barua yako, nilipofika kwenye jabali nikakohoa, nikakohoa tena, nikatokea kwenye jina lako chini. Akasema, "Barua fupi hivi?" Nikamwambia wino huko ni wa shida.

Usiogope. Mwanzi hausemi uongo.

Mimi mjomba wako mwenye elimu ya maji,
Mbonile


SIMU
Kutoka Mbeya, 30 Machi 1950
Kwa Asajile, kambi ya ujenzi wa gati, Mtwara

MAJI YA BAHARI HUHAMA. TUPA MWANZI. USIRUKE JUMAPILI. USIRUKE PEKE YAKO. MJOMBA


Mbeya, nje ya posta, 30 Machi 1950

Asajile,

Barua hii inakukuta unapumua. Nimeamua hivyo, na wewe usinibishie.

Simu nimekwisha kuituma. Nilitaka kuanza na salamu, na habari za mama yako, karani akaniambia, "Mzee, simu si barua, sema kinachouma." Nikasema. Ameniahidi itafika kabla ya Jumapili. Nikamuuliza, "Kabla ya Jumapili asubuhi au kabla ya Jumapili jioni?" Akafunga dirisha. Basi nimekaa hapa kibarazani, nimeazima kalamu, nakuandikia ili nawe ujue kwa nini mjomba wako kasafiri mpaka Mbeya bila kofia.

Nilikuwa Tunduma na mzigo wangu wa maharage. Unakujua pale mpakani siku ya soko, watu wa kwetu na watu wa Rhodesia wote wamechanganyika, na mimi nikifika wananifanyia nafasi. Nikawa nawaeleza juu yako, jabali, Pasaka, na elimu niliyokupa. Nilikuwa nimefika pazuri kabisa. Akatokea Osward, yule dereva wa lori la ngozi, aliyekwenda vita vya Burma na jeshi la keya akarudi na kikohozi. Akasimama nyuma anakula muwa. Akasema, "Mzee Mbonile, hebu rudia. Umemwambia apime Jumapili moja, aruke Jumapili inayofuata?"

"Saa ile ile," nikamwambia. "Na mvua isinyeshe."

Akatema makapi ya muwa. "Bahari haingoji mvua, mzee. Inapanda na kushuka kila siku, na kila siku inapanda mara mbili."

"Nani anayeyachota maji yake?"

"Mwezi."

Watu walicheka, Asajile! Jenista, yule mama muuza ulezi, aliketi chini kabisa. Mimi nilicheka kuwapita wote. Nikamwambia, "Osward, Burma walikupiga kichwani!" Lakini yeye hakucheka. Akasema, "Tulikaa Kilindini tukingoja meli. Jumapili moja asubuhi tunaoga, maji shingoni. Jumapili ya pili, mahali pale pale, saa ile ile, tunaokota kaa kwa mikono. Maji yanachelewa kidogo kila siku, na likitimia juma yamegeuka kabisa. Penye kina pamekuwa mawe. Mzee, ungemwambia aruke kesho yake ingekuwa afadhali. Juma moja ulilochagua ndilo baya kuliko yote."

Nikamwambia, "Hayo nilikuwa nayajua. Nilitaka kuona kama wewe unayajua."

Akanitazama. Akasema, "Jumapili ya Matawi ni lini?"

Ndipo nikamwachia Jenista maharage yangu, nikapanda lori juu ya ngozi.

Sasa, nilisahau kukuambia mambo fulani katika ile barua ya kwanza. Ni kwa sababu ya ufupi wa karatasi. Mengine Osward alikuwa akiyataja njiani kwa kupaza sauti kutoka kwenye usukani, nami nilikuwa naitikia tu kuonyesha kwamba yote yalikuwemo.

Usiruke peke yako hata siku moja. Watu husahau yule mbuzi alikuwa na kazi gani. Mbuzi alikuwa mwenzangu. Ningezama angelia, watu wangekuja. Wewe mbuzi huna, kwa hiyo wawepo watu wawili ndani ya maji, wanaojua kuogelea kweli, kabla hujatoka juu. Tena mmoja wao azame kwanza siku ile ile, saa ile ile, apapase chini kwa mikono, maana bahari huleta jiwe mahali pasipokuwa na jiwe, na huleta gogo. Tena ujue utatokea wapi. Usiingie penye maji ambayo hujaona pa kutokea. Mimi nilitokea Nyasaland kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuitazama.

Tanguliza miguu. Miguu pamoja, mikono ubavuni, mdomo umefungwa. Kichwa kiache nyuma. Osward anasema aliona askari mmoja aliyetanguliza kichwa, kijana mzuri tu, na tangu siku hiyo alilishwa kwa kijiko. Hilo la kijiko sikuliongeza mimi.

Siku ya mawimbi yanayopiga jabali, rudi nyumbani. Siku uliyokunywa, rudi nyumbani. Kama kuna ukingo wa chini, anza na wa chini. Hakuna aliyesema lazima uanzie mbinguni. Na ukifika juu tumbo likakataa, shuka kwa miguu. Ile pia ni njia ya kushuka.

Lakini hayo yote ni ya siku nyingine, na ni ya mtu anayetaka. Mimi nakuambia usiruke. Wakikucheka, waambie mjomba wako amekukataza. Waambie mjomba wako ndiye mwoga. Wanicheke mimi, niko mbali, maneno yao hayatanifika.

Karani amefungua dirisha. Nakwenda kumuuliza tena.

Mbonile


Ibaba, 4 Aprili 1950

Mwanangu Asajile,

Aandikaye ni Fides, binti wa mwinjilisti. Naandika kama Mama Tupokigwe anavyosema, neno kwa neno, yuko hapa anapepeta maharage.

Mwanangu, mimi mzima, ng'ombe amezaa, baridi imeanza mapema. Mjomba wako ndiye anayenitia wasiwasi, na ni wewe anayekuandikia, basi niambie anaumwa nini.

Alikwenda Tunduma kuuza maharage, akarudi bila maharage na bila kofia. Maharage aliyaleta Jenista siku ya pili. Osward yule dereva alimteremsha njia panda ya Mpemba, na alipopita huku akaniletea salamu, akasema, "Mama, kaka yako tangu Mbeya mpaka Mpemba hakusimulia kitu." Nikasema, "Alikuwa amelala?" Akasema, "Hapana. Macho yalikuwa wazi." Mjomba wako, mwanangu! Njia yote ile, na lori, na milima, na hakusimulia kitu!

Jumapili ya Matawi alikuja kanisani kabla ya kengele. Mwinjilisti alidhani kuna msiba. Akakaa mbele, akashika tawi lake kama mtu aliyeshika mpini wa jembe, na watu walipoanza kuimba akatoka nje kutazama jua. Akarudi. Akatoka tena. Mwishoni akamuuliza mwinjilisti, "Saa hii, Mtwara nako ni saa hii hii?" Mwinjilisti akasema ndiyo. Akaketi kwenye ngazi mpaka watu wote wakaondoka.

Sasa kila siku anakuja jikoni kwangu. Haombi chakula. Ananipasulia kuni. Nimekuwa na kuni za msiba na harusi. Nikimuuliza anasema, "Dada, barua ya huko inachukua muda gani?" Namwambia wewe ndiye msomi.

Jana nikamtania, nikamwambia, "Tusimulie ya mbuzi na mto." Akasema hadithi ile amekwisha kuichoka. Mimi ningefurahi, maana siku zote nilinyamaza kwa heshima. Mbuzi yule nilimvusha mimi. Nilimvusha mbuzi, nikarudi kumchukua yeye mgongoni, na alikuwa kishaota ndevu. Kaka yangu mpaka leo Songwe ikifika magotini anasema ana kidonda. Fides, hilo usiandike.

(Nimekwisha kuandika. Fides.)

Niandikie, mwanangu. Kama kuna jambo, uniambie mimi. Yeye akinisomea barua zako hukohoa sana.

Ndaga, ahsante kwa blanketi ulilosema unalitunza.

Mama yako,
Tupokigwe


Mtwara, 11 Aprili 1950

Mjomba Mbonile,

Shikamoo, Mjomba. Mimi ni mzima. Naandika tena: mimi ni mzima, mikono miwili, miguu miwili, na hakuna anayenilisha kwa kijiko. Barua yako ya Mbeya imefika leo. Nilitaka kukutumia simu kukujulisha, nikaogopa. Simu ikifika Ibaba watu huanza kulia kabla ya kuifungua.

Sasa nikueleze kwa utaratibu.

Nilifuata barua yako ya kwanza yote. Jumapili ile ya kwanza nilitoka kanisani, nikaenda kwenye jabali peke yangu na mianzi miwili niliyoiunga kwa kamba ya mkonge. Nilikuwa nimelala tumbo juu ya ule ukingo wa chini, nikazamisha, nikazamisha, mpaka mkono wangu ukaingia majini na chini bado sijagusa. Nilipogusa nikakata alama. Maji mara mbili ya kimo changu na zaidi! Nikauficha mwanzi kwenye kichaka. Juma lote nikawa natazama mawingu. Mvua haikunyesha hata tone. Nikamshukuru Mungu kwa ukame, Mjomba, na wenye mashamba hapa wakiomba mvua.

Jumamosi jioni tulikuwa foleni ya posho. Karani wa kambi akaja na karatasi. Huyu karani hajui kusoma moyoni, akisoma lazima dunia nzima isikie. Akapaza sauti: "Asajile! Maji ya bahari huhama!"

Ilikuwa kicheko, Mjomba, mpaka unga ulimwagika. "Yamehamia wapi?" "Yamekwenda Songwe kumtembelea mjomba!" "Blanketi, kimbia ukayafungie mlango!" Nilitaka ardhi inifunike. Na Mnali ndiye aliyecheka kuliko wote, ameshika mbavu, akampokonya karani karatasi ili asome mwenyewe. Akasoma. "Usiruke Jumapili," akasema. "Jumapili gani? Sisi tunaruka Jumatatu ya Pasaka."

Nikamwambia kwa hasira, "Kesho. Kesho asubuhi nilikuwa nakwenda kuruka mwenyewe. Nimekwisha kupima."

Akaacha kucheka. Akatazama juu, na mwezi ulikuwa umekwisha kutoka, mkubwa, mduara kama ungo. Akasema polepole, "Kesho asubuhi? Na mwezi huu?" Halafu akaniuliza kama mtu anayeuliza mgonjwa: "Ulipima lini?"

Kulipokucha alikuja kuniita. Hakuleta wenzake. Tulifika kwenye jabali saa ile ile niliyopanga, ibada imekwisha, na kutoka juu bahari ilikuwa buluu ile ile, inametameta, ungesema hakuna kilichobadilika. Nikamwambia, "Mbona maji yapo." Tukazunguka kwa njia ya mbuzi mpaka chini, akavua viatu, akaingia. Akatembea, Mjomba. Akatembea mpaka mahali pale pale nilipozamisha mianzi, akasimama, na maji yalikuwa magotini mwake. Chini ni mawe yamejaa chaza, makali kama wembe. Akaniita, "Njoo usimame hapa ulipotaka kutua." Nikaenda, nikasimama. Nikatazama juu kule ambako ningetokea. Kisha nikatapika.

Mnali hakunicheka. Alinishika bega mpaka nikamaliza. Akasema, "Sisi tunazaliwa tunajua, basi hatumwambii mtu. Tulidhani kila mtu anajua." Njiani kurudi akasema, "Huyo mjomba wako, kutoka huko milimani amejuaje?" Nikamwambia mjomba wangu anajua mambo mengi.

Juma lote tukawa tunakwenda baada ya kazi, yeye na mimi na wenzake wawili, maji yakiwa yamejaa. Walinifundisha kuogelea upya, wakanirusha kutoka ukingo wa chini, mara miguu ikapanuka nikachapwa kama mtoto mwizi, mara nikameza chumvi ya mwaka mzima. Yote uliyoandika kuhusu miguu, mikono, mtu wa kupapasa chini, pa kutokea, Mnali alikwisha kuniambia. La mbuzi tu hakulijua.

Jana, Jumatatu ya Pasaka, maji yalijaa asubuhi. Mnali akazama kwanza kupapasa, kisha akabaki majini na mwenzake, wanangoja. Wasichana walikuwepo. Wale wa kwetu walikuwepo wote, na blanketi wamejitanda makusudi kwenye joto lile. Nilikaa juu muda mrefu. Mnali akapaza sauti kutoka chini, "Asajile, kama hutaki shuka kwa njia, hakuna atakayesema neno, nitampiga!" Ndipo nikaona naweza.

Nilipiga kelele, Mjomba. Wasichana waliisikia vizuri. Nadhani nanyi huko mliisikia. Nyayo ziliwaka moto, masikio yakajaa, giza, kisha mkono wa Mnali ukanishika kwapani, nikatoka kwenye jua. Sijui kama nitaruka tena. Lakini niliruka, na nilitoka.

Hadithi ya mbuzi sitaisimulia tena kambini. Si kwa sababu hawaiamini. Ni kwa sababu wanaiamini, na kuna kijana mdogo kutoka Mbozi amefika majuzi, nimemkuta anatafuta mwanzi. Nimemkalisha, nikampeleka chini maji yakiwa yamekupwa, nikamsimamisha kwenye mawe.

Ahsante kwa simu. Karatasi ile ninayo.

Mpwa wako,
Asajile


Ibaba, 5 Mei 1950

Asajile, mwana wa dada yangu,

Leo sina baridi kabisa. Nimevaa shati tu, watu wananishangaa.

Barua yako ilinikuta jikoni kwa mama yako nikipasua kuni. Sikukohoa. Nimeisoma yote kwa sauti, jabali, mwanzi, mawe, kutapika, mpaka mwisho. Kwanza akalia. Kisha akacheka. Kisha akauliza, "Na ile ya kwanza, aliyouliza asife vipi, uliificha wapi?" Nikamwonyesha. Akanipiga na mwiko, Asajile, mwiko wa ugali wenye ugali, mbele ya Fides. Nikamwacha apige. Alipochoka akanipakulia, tukala. Anakuagiza hivi: likizo uje, na ukipata hamu ya kuruka, uruke kutoka kitandani.

Ibaba yote inajua. Niliwaeleza Jumapili nje ya kanisa. Nimewaambia jabali lile ukisimama juu unaona Zanzibari, mpaka watu wakianika nguo. Nimewaambia jinsi nilivyonusa Tunduma kwamba bahari inataka kuhama, nikaikimbilia Mbeya, nikaishika kwenye waya wa simu, ikatulia. Osward alikuwepo. Nilimtazama, naye akanitazama, akasema, "Ni kweli, mzee aliishika." Nimempa debe la maharage. Yeye si mtu mbaya, ila anakohoa.

Yule Mnali mwambie amepata mjomba milimani. Akija, nitamvusha Songwe mimi mwenyewe. Au mama yako atamvusha, tutaangalia kidonda changu kitakavyoamka. Na wewe umefanya vyema kwa huyo kijana wa Mbozi. Elimu ya maji sasa iko kwako, mimi nimestaafu.

Lakini kuna jambo moja, nalo usimsomee mtu.

Siku hizi barua ikifika sianzi juu. Naigeuza mpaka chini kabisa, natafuta jina lako, naangalia kama ni mkono wako ule ule, herufi ya kwanza na mkia wake mrefu. Nikiliona nakaa chini. Kisha ndipo narudi juu kwenye shikamoo, nasoma kama watu wengine.

Kwa hiyo usingoje habari ndipo uandike. Ukikosa la kusema, chukua karatasi, weka jina lako chini, utie posta. Hapo juu pakibaki patupu, usijali. Habari nitatunga mwenyewe.

Mjomba wako,
Mbonile